Mmea wa Kabatini

Jumatatu, wiki ya kwanza

Mama amesema niandike. "Kila jioni unaingia hapa na shule nzima mdomoni," ameniambia, "na masikio yangu yamechoka. Hayo mengine yaandike huko, mimi niletee chai tu." Haya basi, naandika.

Leo Mkuu aliniita ofisini kabla hata sijaweka mkoba chini. Mkuu wetu ni mtu wa funguo. Anazivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na unamsikia anakuja kabla hujamwona, ndiyo maana sisi walimu tunamwita Bwana Funguo, ingawa si mbele yake. Alifunga mlango. Akifunga mlango ujue hakuna jema. Akaniambia ofisi ya elimu imechoshwa na matokeo ya sayansi ya darasa la sita. Mkaguzi atakuja kuelekea mwisho wa muhula, atakaa darasani somo zima, na asiporidhika, mwalimu wa somo anahamishwa. Mwalimu wa somo ni mimi.

"Nahamishiwa wapi?"

"Kule mwisho wa barabara," akasema, macho kwenye funguo zake. "Wanasema huko ndiko kuna upungufu."

Mwisho wa barabara hakuna hospitali. Mama alianguka bafuni mwaka jana akavunjika nyonga, na kila wiki nampeleka mazoezi kwa mtaalamu wa viungo. Sasa anatembea kwa fremu ya chuma ya kuegemea, kutoka kitandani hadi mlangoni, na kila hatua anaitukana kwa sauti ya chini. Nikihama naye, mazoezi yamekwisha. Nikimwacha, nani atamwogesha? Dada zangu wako mbali na wana familia zao. Nilipomweleza hakulia wala hakulalamika. Alinyoosha mkono juu ya kabati.

"Nishushie lile begi langu."

"La nini, Mama?"

"La nguo. Wewe ukienda, mimi nabaki hapa namlinda nani?"

Sasa hivi begi liko kando ya kitanda chake, limejaa, zipu imefungwa. Gauni zote zimo humo.

Jumanne

Leo nilifundisha mwanga na mimea jinsi ninavyofundisha siku zote. Nikaandika ubaoni, wakanakili. Nikaandika tena, wakanakili tena. Nilipofika "Mmea usiopata mwanga haukui", kuna binti akanyoosha mkono. Huyu tunamwita Mbishi, jina alilopewa na wenzake tangu darasa la kwanza, na hajawahi kulionea aibu.

"Mwalimu, wewe umeshauona?"

"Nimeuona nini?"

"Huo mmea usiokua. Umeuona, au umesoma tu kwamba haukui?"

Darasa likacheka. Nikamwambia akae chini na aache utundu. Akakaa, lakini kwa namna ya mtu ambaye bado amesimama. Kiherehere chake kitanitoa roho.

Jumatano

Mvua. Paa letu ni mabati matupu. Sikusikika hata na walio mbele. Siku imepotea.

Alhamisi

Mvua. Kama jana.

Ijumaa

Nimeamka na swali la yule mtoto kichwani, na limenikera kwa sababu jibu ni kwamba sijauona. Miaka yote hii nafundisha kuwa mmea haukui gizani na sijawahi kuuweka mmea gizani nikatazama.

Nikaenda kwa Mkuu kuomba tableti. Shule ina boksi la tableti tangu mwaka juzi. Zimo kwenye kabati lake la chuma, na nailoni zake za kiwandani hazijatolewa. Wakija wageni, anazipanga mezani juu ya kitambaa cheupe, wageni wanapiga picha, wakiondoka zinarudi ndani. Yeye anaziita vishikwambi, kwa heshima, utadhani anataja wakwe zake.

"Zitaharibika, Mwalimu."

"Mkuu, zinazeeka humo ndani hazijawahi kufanya kazi hata siku moja. Kuna uharibifu gani mwingine?"

"Unataka kufanyia nini?"

"Tunapanda maharage," nikasema. Sikueleza zaidi. Mtu aliyenipa habari za kuhamishwa huku anachezea funguo sikuona sababu ya kumpa maelezo.

Alinipa tatu. Jinsi alivyozitoa, ungesema anang'olewa meno. Masharti ni kwamba kila mchana zirudi kabatini, kwa mkono wangu, na ikiharibika moja tu, basi zote.

Jumatatu, wiki ya pili

Mvua ikaanza tena asubuhi, mabati yakapiga kelele, na Sita B wakaweka vichwa mezani kama kawaida yao. Lakini leo nilijiandaa. Jumapili nilikaa jikoni na simu yangu nikapiga picha za sufuria ya mama: maji yanaanza kutoa mvuke, mfuniko umejaa matone, matone yanadondoka nimeinua mfuniko. Nikazichanganya picha makusudi, na asubuhi nikaziingiza kwenye tableti. Leo nikaandika ubaoni: "Zipangeni. Ipi kwanza? Kwa nini? Mdomo usitumike."

Ilikuwa raha kuwatazama. Vikundi vitatu, tableti tatu, wanasukumana viwiko, wanakataana kwa vichwa, wanaandikiana kwenye karatasi. Kisha nikagawa maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, vikombe na visahani vya kufunikia, wakatengeneza matone yao wenyewe na kuyapiga picha. Mwalimu wa Hesabu, rafiki yangu, anayefundisha chumba cha jirani, alikuja kuchungulia akidhani watoto wametoroka. Akasimama mlangoni ameshika kiuno. Akaniandikia ubaoni: "Umewapa nini hawa?" Nikamwandikia: "Sufuria."

Jioni nilimweleza mama kwamba sufuria yake imefundisha sayansi. Akasema basi ilipwe mshahara.

Jumatano, wiki ya pili

Tumepanda maharage kwenye chupa za plastiki tulizokata. Kundi la kwanza limeweka chupa yake dirishani. La pili limeweka ya kwake ndani ya boksi lenye tundu moja ubavuni. La tatu, ambalo ni la Mbishi, limeweka ndani ya kabati la vitabu nyuma ya darasa, mlango umefungwa, giza tupu. Kila asubuhi kila kundi litapiga picha moja ya mmea wake, rula ikiwa imesimama pembeni. Mwisho wa muhula tutazipitisha picha haraka haraka, moja baada ya nyingine, tuone mmea ukitembea.

Nimewaambia waandike wanachodhani kitatokea. Karibu wote wameandika wa kabatini hautaota. Mbishi ameandika: "Sijui, sijauona."

Ijumaa, wiki ya pili

Picha zao ni vituko. Moja imepigwa kwa karibu, nyingine kwa mbali, moja ina kidole. Zikipitishwa haraka kichwa kinazunguka. Tukaamua tableti iwe inakaa mahali pamoja kila siku, juu ya matofali mawili, na matofali yawekewe alama sakafuni. Chaki inafutika wakifagia. Nimeomba rangi ya kucha ya mama.

"Ya kucha za nani?" akauliza.

"Za sakafu."

Akanipa ile nyekundu. Akasema zambarau haigusi mtu.

Alhamisi, wiki ya tatu

Hakuna kilichoota. Nimefukua punje moja, imeoza na inanuka. Wamekuwa wakizimwagilia kila wakipita, utafikiri wanazima moto. Sikuwagombeza, lakini nilitoka nje nikasimama kidogo karibu na bomba. Wiki zinakwenda na mimi nina picha za udongo.

Ijumaa, wiki ya tatu

Mbishi anataka tuzihifadhi picha za udongo. Anasema nazo ni kweli. Tumezihifadhi.

Jumanne, wiki ya nne

Tumepanda upya. Safari hii tumetoboa chupa chini, na maji ni kizibo kimoja kwa siku, kizibo cha soda, si zaidi. Kila kundi lina mlinzi wa kizibo.

Mama amefika jikoni kwa fremu. Akaniangalia kama mtu aliyeshinda mbio. Begi bado liko pale pale.

Jumatatu, wiki ya tano

Yameota. Yote matatu, hata la kabatini. Watoto walipofungua kabati wakakuta kichwa kidogo cheupe kimeinama, wakapiga ukelele hadi Mwalimu wa Hesabu akaja mbio na rula mkononi akidhani ni nyoka.

Alhamisi, wiki ya tano

Majanga. Paa linavuja. Nilikuwa nimezipanga tableti mezani, nikageuka kuandika ubaoni, na nikigeuka tena nakuta maji yametiririka hadi kwenye tableti ya kundi la kabati. Imezima. Nimeibonyeza, nimeipuliza, nimeisihi. Kimya.

Na Bwana Funguo, ambaye kwa wiki nzima hujamwona, ndiyo saa aliyochagua kupita. Alisimama mlangoni akatazama ile tableti inavyodondosha maji. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alizichukua zote tatu, akazifuta moja moja kwa leso yake, akaenda nazo. Nilimfuata hadi ukumbini.

"Mkuu, ni paa lako lililovuja, si watoto."

"Najua ni paa langu."

"Sasa unawanyang'anya kwa kosa la paa?"

"Mwalimu, tulikubaliana."

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilimwambia pia kwamba anapenda vitu kuliko watu. Akaingia ofisini, akafunga mlango. Nimerudi nyumbani nimevimba kwa hasira, na chini ya hasira kuna woga, na woga ndio mkubwa. Bila picha sina somo la kumwonyesha mkaguzi. Nikamwona mama ameegemea begi lake kama mto, nikaingia jikoni nikajifanya nakatakata vitunguu.

Ijumaa, wiki ya tano

Mama amesema ile tableti ifukiwe kwenye mchele mkavu. "Simu ya baba yenu ilipoangukia kwenye ndoo ilipona hivyo." Sikuwa na imani, lakini nilipeleka bakuli la mchele ofisini. Mkuu alinitazama, akatazama bakuli, akafungua kabati. Tuliifukia wote wawili, yeye anamimina, mimi nimeshika bakuli. Aliliweka bakuli kwenye kabati na kulifungia ufunguo, mchele na vyote.

Watoto walipokosa tableti walikaa wakanitazama. Nikawaambia macho mnayo na penseli mnazo. Basi sasa wanachora mimea kila asubuhi, kutoka pale pale kwenye alama ya rangi ya kucha, na rula ndani ya mchoro. Mbishi amechora jani la mmea wa dirishani na tundu lake, lile lililoliwa na mdudu, mpaka kingo zake. Na mmea wa kabatini ameuchora kwa urefu wake wote, ukapita ukingo wa karatasi, akaunganisha karatasi ya pili. Maana ndiyo habari ya mji: wa kabatini ndio mrefu kuliko yote. Mwembamba kama uzi, wa njano, umelegea, lakini mrefu.

"Mwalimu," Mbishi akaniambia, "kitabu kimesema haukui."

"Nimeuona," nikamwambia. "Sasa sote tumeuona."

"Kwa hiyo kitabu kimedanganya?"

"Sijui. Tuulize vizuri. Umekua, au umerefuka tu?"

Wakabishana kipindi kizima. Mmoja akasema unakimbia kutafuta mwanga, ndiyo maana hauna muda wa kunenepa. Sikuwahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo, na hayakutoka kwangu. Kumbe huyu Mbishi nimekuwa nikimnyamazisha bure.

Jumatatu, wiki ya sita

Imewaka. Tableti imewaka. Mkuu alikuja nayo mwenyewe darasani, na nyingine mbili chini ya kwapa. "Punje mbili zimeingia kwenye tundu la chaji," akasema, "nimezitoa kwa sindano." Nikajua basi kwamba alikaa nayo mwisho wa juma. Nilisema asante, na nilimaanisha. Fundi pia alikuja kuziba paa. Sikuuliza nani kamwita.

Jumatano, wiki ya sita

Wa boksini umepinda shingo na kutoa kichwa kwenye tundu. Wamepiga picha michoro yao ya siku zile, ili filamu isiwe na pengo.

Jumanne, wiki ya saba

Mazoezi ya mama. Mtaalamu amesema anaweza kujaribu hatua chache bila fremu, lakini yeye mwenyewe hataki. "Nitaanguka, halafu utanibeba na begi?" Siku hizi begi linaingia kila sentensi.

Alhamisi, wiki ya nane

Mwalimu wa Hesabu amenishauri nifanye wanavyofanya wote: niwakaririshe watoto somo la mkaguzi, nani atauliza nini, nani atajibu nini, wote wanyooshe mikono, wanaojua wa kulia na wasiojua wa kushoto, ili nijue wa kumchagua. Anasema kwa upendo, hataki niende. Nilimwambia nitafikiri, na kweli nilifikiri, njia nzima. Nilipofika darasani nikakuta Mbishi anamfokea mwenzake aliyeandika urefu bila kupima. Nikaona siwezi. Kwa hawa, siwezi. Ila roho iko mkononi.

Jumanne, wiki ya tisa

Kesho. Nimefagia darasa, nimepanga chupa, nimemhesabia Mkuu tableti. Alikuwa hana raha. Aliniuliza, "Mimea yenyewe ndiyo ile?" Nikamwambia ndiyo ile. Akatikisa kichwa. Nikaona ameanza ukorofi wake, nikaondoka.

Jumatano, wiki ya tisa

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Mkaguzi ni mama wa makamo, mwenye sauti ndogo na mwavuli mkubwa. Alikaa nyuma, Mkuu kando yake; tableti zilikuja nao, kwa hiyo picha za asubuhi zilikuwa hazijapigwa. Mawingu yalikuwa meusi. Nilikuwa nimesema salamu tu na kuandika tarehe ubaoni mvua ikashuka, na mabati yakaanza. Mkaguzi akaniangalia, akaweka mkono sikioni kuonyesha hasikii kitu. Nikawageukia watoto nikaweka kidole mdomoni. Wakaelewa. Hili ni somo wanalolijua kuliko lolote.

Kila kundi likaleta mmea wake mbele. Nikaandika: "Onyesheni mlichokiona." Kundi la kabati likafungua kabati, likatoa chupa, likaiweka mezani.

Mmea ulikuwa wa kijani. Mfupi, mnene, majani mapana yanang'aa.

Niliutazama nikadhani macho yananichezea. Nikatazama wa dirishani: majani mazima, hakuna tundu hata moja. Wa boksini: umesimama wima kama askari. Nikamtazama Mkuu, na Mkuu akanitabasamia. Ni mara yangu ya kwanza kumwona anatabasamu, na hapo nikajua. Anapenda shule ipendeze wageni wakija. Aliiona mimea yetu iliyopinda na ile ya njano, akaona aibu, na jana jioni akatuletea mingine mizuri kutoka bustani ya kwake.

Mkaguzi alisimama, akaja mbele, akachukua chaki. Akaandika: "Huu ulikaa gizani wiki zote hizi. Mbona ni wa kijani?"

Niliona muhula wangu wote unamwagika. Nikisema kweli, nimemvua Mkuu nguo mbele ya mgeni. Nikinyamaza, nimewafundisha watoto wangu kusema uongo, na bado nitahamishwa, maana hakuna jibu. Na huku kichwani naliona lile begi. Nilisimama kama mti. Mbishi hakusimama kama mti. Alikuja akachukua chaki mkononi mwa mkaguzi, kwa adabu, kwa mikono miwili, akaandika: "Huu si wetu."

Mkaguzi akaandika: "Unajuaje?"

Mbishi akamletea tableti. Akampitishia picha moja baada ya nyingine. Udongo wa punje zilizooza. Udongo mpya. Kichwa cheupe. Wa njano, mrefu, mrefu zaidi. Mchoro wa karatasi mbili. Wa njano tena, umelegea, hadi wa jana asubuhi. Mwenzake wa kundi la dirisha akaleta ya kwao, akaonyesha tundu la mdudu kwenye picha, akaonyesha jani zima mezani, akatikisa kichwa. Wa boksi wakaonyesha shingo iliyopinda. Kisha darasa zima likaanza kuandikiana karatasi, nani kaichukua mimea yetu, iko wapi, na kabla sijamzuia mtu, Mbishi ametoka mlangoni na kuingia kwenye mvua.

Mkaguzi hakukaa. Alibaki na tableti mkononi, anaipitisha mbele na nyuma mwenyewe. Mkuu alikuwa ameinama.

Mbishi alirudi amelowa hadi mifupani. Alikuwa ameikuta mimea yetu jalalani nyuma ya vyoo. Wa dirishani ulikuwa umevunjika, na wa boksini hakuuona, lakini wa kabatini alikuwa ameushika kwa viganja viwili, uzi wake mrefu wa njano umejaa tope. Aliuweka mezani kando ya ule wa kijani. Akaweka rula.

Mvua ikapungua hapo, taratibu, hadi tukasikia matone ya mwisho yakianguka nje. Mkuu akasimama. Alishika funguo zake kifuani zisilie.

"Ni mimi," akasema. "Niliona ile imepinda, hii imekuwa ya njano. Nikajua imeugua. Nikasema mwalimu huyu ana mama mgonjwa nyumbani, na ataondolewa kwa sababu ya maharage. Sikuuliza. Nilitaka asiende."

Mkaguzi akamuuliza, "Na wewe hukujua wanachunguza nini?"

Mkuu hakunitupia mimi lawama, na angeweza. "Ilikuwa kazi yangu kuuliza," akasema.

Nilijisikia vibaya kuliko siku aliyozichukua tableti. "Na mimi ilikuwa kazi yangu kumwambia," nikasema. "Nilimwambia tunapanda maharage, basi."

Mkaguzi akamgeukia Mbishi, ambaye alikuwa anachuruzika maji sakafuni. "Haya, sasa nasikia. Kwa nini ulirefuka hivi?"

"Bado tunabishana," Mbishi akasema. "Lakini haukuugua. Ulikuwa unatafuta."

Somo lilipitiliza muda wake likala nusu ya kipindi cha Hesabu. Mkaguzi alinikuta nje napumua. Alifungua mwavuli ingawa mvua ilikuwa imekatika.

"Masomo ninayoonyeshwa huwa yamepikwa," akasema. "Nikiingia tu nasikia harufu. Wewe hutoki hapa. Nitaandika hivyo leo, na nitaandika pia kwamba nataka hizo tableti zilizobaki zitoke kabatini."

Nilisema asante, nadhani. Nikaenda nyuma ya darasa la Sita B, nikachuchumaa nikalia kama mtoto, na Mwalimu wa Hesabu akanikuta huko akakaa karibu yangu bila kuuliza. Mwili wote ulikuwa mwepesi.

Mama nilimweleza mara mbili. Akasikiliza hadi mwisho. "Maneno ya ofisi nayafahamu," akasema. "Begi libaki lilipo mpaka waseme kwa maandishi."

Alhamisi

Mkuu alikuja darasani kuomba radhi. Kwa watoto, si kwangu. Alisimama mbele yao akasema alitupa kazi yao bila ruhusa. Mbishi akamuuliza alitumia mbolea gani kwenye maharage yake. Wakaongea mbolea hadi kengele.

Watoto wameuosha mmea wa kabatini, wameupanda tena na kuuweka dirishani, umefungwa kwenye kijiti. Mimi nilidhani ungekufa.

Jumatatu, wiki ya kumi, ya kufunga shule

Haujafa. Jani dogo la juu limeanza kuwa la kijani. Nilimkuta Mkuu asubuhi amepiga magoti kwenye alama ya rangi ya kucha anapiga picha, mlinzi wa kizibo kando yake anamwelekeza asogee. Funguo alikuwa amezivua na kuziweka mezani.

Mchana aliniita ofisini, hakufunga mlango. Majibu ya ofisi ya elimu yamefika. Nabaki. Alinipa karatasi, akanipa na tableti moja ya kwenda nayo nyumbani. "Mama naye aione hiyo filamu," akasema. Sikujua kwamba anajua mama anaisubiri. Kwa muhula mzima nimemwandika hapa kama mlinzi wa kabati.

Nilitembea haraka hadi kisigino kikaniuma. Niliingia na karatasi mkononi, naita tangu uani. Nikampa, akaisoma kwa miwani, akaisoma tena. Kisha akataka filamu. Nikaketi naye kitandani, nikaipitisha: udongo, kichwa cheupe, uzi wa njano unapanda, unayumba, unapapasa ukuta wa kabati, na michoro ya watoto katikati, na mwishowe dirisha na kijiti na lile jani.

"Rudisha nyuma," akasema. Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha tena.

Baadaye nilienda kuteka maji. Nilikawia kidogo, kwa sababu Mwalimu wa Hesabu alipita kunipongeza getini na hapendi kuongea kifupi. Niliporudi chumbani, begi lilikuwa limelala sakafuni, tupu, mdomo wazi. Gauni zote zilikuwa zimetundikwa kabatini, upande wa pili wa chumba, zimepangwa kwa rangi kama alivyozoea. Mama alikuwa amesimama hapo, mkono mmoja kwenye mlango wa kabati. Fremu ilikuwa bado kando ya kitanda.

Niliweka ndoo chini.

"Usinikodolee macho," mama akasema. "Chai iko wapi?"